Moto wa Msamvu na swali la Ayubu: Rafiki akiteseka, muumini aseme nini?

Na Mwandishi Wetu, Morogoro

ASUBUHI ya Jumamosi, Agosti 10, 2019, lori lililobeba petroli lilipinduka eneo la Msamvu, katika Manispaa ya Morogoro, kando ya barabara kuu iendayo Dar es Salaam. Watu walikusanyika haraka. Baadhi walikuwa na madumu na ndoo wakichota mafuta yaliyomwagika, wengine walikuwa wapita njia na waendesha bodaboda waliosimama kutazama. Muda mfupi baadaye moto ulilipuka.

Siku ya kwanza waliohesabiwa kupoteza maisha walikuwa takriban 60. Hadi mwezi huo unakwisha, idadi ilikuwa imevuka 100, kwa kuwa majeruhi waliendelea kufariki mmoja baada ya mwingine katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Morogoro na katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, ambako zaidi ya 40 kati yao walihamishiwa. Hayati Rais John Magufuli alitangaza siku tatu za maombolezo, na Jumapili, Agosti 11, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliongoza mazishi katika makaburi ya Kola. Zilikuwa ni siku za Idd el-Hajj.

Katika mitaa ya Mwembesongo na kata nyingine za manispaa hiyo, msiba ule haukuwa habari ya kusikia redioni. Huu ni mji ambao nyumba ya Mwislamu na ya Mkristo hupakana ukuta kwa ukuta, ambao adhana na kengele husikika katika chumba kimoja. Kwa hiyo swali ambalo wanazuoni na wanateolojia hulijadili vitabuni liliingia uani, likakaa mkekani pamoja na wafiwa: mtu mwenye imani afanye nini, na hasa aseme nini, rafiki yake anapoteseka?

Makala hii inajaribu kueleza namna dini mbili kubwa za mji huu zinavyolijibu swali hilo, namna mila za Waluguru zinavyolijibu kwa njia nyingine kabisa, na wapi waumini wenyewe huteleza.

"Wamejitakia"

Miili ilikuwa haijazikwa yote wakati maneno yalipoanza kusambaa. Wapo waliosema kuwa marehemu walikuwa wezi wa mafuta, hivyo wamelipwa walichostahili. Wapo walioona ni adhabu kutoka mbinguni kwa taifa lililozoea kuchukua kisicho chake. Picha za watu waliokuwa wakiungua zilipita kutoka simu moja hadi nyingine, nyingi zikisindikizwa na mahubiri mafupi.

Ni vyema kukiri kwamba kauli ya namna hii mara nyingi haitoki kwa mtu mwovu. Hutoka kwa mtu aliyeogopa. Anayesema "wamejitakia" anajihakikishia kuwa yeye, asiyechota mafuta, hawezi kufikwa na jambo kama lile. Imani yake imekuwa kama bima, na msiba wa mwenzake unatishia kuonyesha kwamba bima hiyo haipo.

Lakini maneno hayo humfikia mtu. Humfikia mama aliyeketi nje ya wodi akisubiri kuitwa. Humfikia kijana aliyelazwa, ambaye masikio yake hayakuungua.

Dini zote mbili zilikwisha kulizungumzia jambo hili zamani sana, tena kwa mifano inayokaribiana mno na tukio la Msamvu. Katika Injili ya Luka, sura ya 13, Yesu anataja mnara wa Siloamu ulioanguka na kuua watu 18. Anawauliza wasikilizaji wake iwapo wanadhani hao 18 walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wote wa Yerusalemu, kisha anajibu mwenyewe kuwa sivyo. Katika Injili ya Yohana, sura ya 9, wanafunzi wanapomwona kipofu wa kuzaliwa na kutaka kujua nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake, jibu ni kwamba si huyu wala si hao.

Kwa upande wa Uislamu, Hadithi zilizomo katika Muwatta ya Imam Malik na katika Sunan ya Abu Daud zinawataja watu ambao, ingawa hawakufa vitani, huhesabiwa kuwa na daraja la shahidi. Wamo waliokufa kwa tauni, waliozama majini, walioangukiwa na jengo, mwanamke anayekufa kwa uzazi, na wamo waliokufa kwa moto. Mwislamu aliyewahukumu wafu wa Msamvu kutoka barazani kwake alikuwa akizungumza juu ya watu ambao mafundisho yake mwenyewe yanamtaka awataje kwa hadhari kubwa.

Hapa si kusema kwamba kuchota mafuta ya lori lililopinduka ni jambo jema. Ni hatari, na elimu juu ya hatari hiyo inapaswa kutolewa kila siku, kwani malori ya mafuta bado yanapita hapo hapo. Ila kuna wakati wa somo la usalama barabarani, na kuna wakati wa kukaa na aliyefiwa, na mwenye busara hachanganyi nyakati hizo mbili.

Marafiki watatu wa Ayubu

Kisa kinachorejewa zaidi na waumini katika jambo hili ni cha Ayubu, au Nabii Ayyub kwa Waislamu. Wengi wanakijua kwa juu juu: mtu mwema, akapoteza mali, watoto na afya, akasubiri, akarudishiwa. Sehemu inayosomwa kwa nadra ni ile ya katikati, inayochukua takriban kitabu kizima katika Biblia, nayo inawahusu marafiki zake.

Walikuwa watatu, Elifazi, Bildadi na Sofari. Waliposikia habari, walipatana waende kumfariji. Walipomwona kwa mbali hawakumtambua. Walilia, wakararua mavazi, wakajitupia mavumbi vichwani, kisha wakaketi naye chini siku saba, usiku na mchana, bila yeyote kutamka neno, kwa kuwa waliona maumivu yake ni makubwa mno.

Hadi hapo walikuwa marafiki wa kupigiwa mfano. Msiba wa pili wa Ayubu ulianza walipofungua vinywa.

Hoja yao, ukiikusanya katika hotuba zao ndefu, ni nyepesi: Mungu ni mwenye haki, Mungu haadhibu bila sababu, wewe unateseka, basi iko dhambi uliyoificha. Ukiitazama sentensi moja moja, nyingi zinafanana na mahubiri mazuri. Ndiyo sababu zinatisha. Mwishoni mwa kitabu, sura ya 42, ghadhabu ya Mungu haimwendei Ayubu aliyelalamika na kudai aonyeshwe kosa lake, bali inawaendea hao watatu waliokuwa wakimtetea Mungu. Wanaambiwa watoe sadaka, na Ayubu, mgonjwa yule yule waliyemhukumu, ndiye awaombee.

Katika desturi ya Kiyahudi, kisa hicho kimeacha alama hadi leo. Anayekwenda kumhani mfiwa katika siku saba za maombolezo hufundishwa asianze mazungumzo. Hungoja mfiwa aanze. Mfiwa akinyamaza, mgeni naye hunyamaza.

Kurani nayo inamtaja Ayyub, katika Surat al-Anbiyaa na Surat Saad, ikimsifu kwa subira yake. Jambo la kuzingatia ni kwamba subira inayosifiwa ni ya mtu aliyemlalamikia Mola wake kwamba madhara yamempata. Hakujifanya kuwa hana maumivu. Tofauti hii hupotea pale muumini anapomwambia mwenzake "subiri" kwa sauti inayomaanisha "nyamaza".

Machozi pia yana nafasi yake. Mapokeo ya Kiislamu yanaeleza kuwa Mtume Muhammad (S.A.W.) alitokwa na machozi mtoto wake Ibrahim alipofariki, na wenzake waliposhangaa, aliwafahamisha kuwa hiyo ni rehema. Kilichokatazwa ni kujipiga, kurarua nguo na kutamka yasiyomridhisha Mwenyezi Mungu. Katika Injili ya Yohana, sura ya 11, Yesu analia kaburini kwa Lazaro, aliyekuwa rafiki yake, ingawa kwa mujibu wa simulizi hiyo hiyo alikuwa amekuja kumfufua. Kabla ya hapo Martha, dada wa marehemu, anamwambia wazi kwamba angefika mapema ndugu yake asingekufa. Injili haisemi kwamba alikemewa kwa kauli hiyo.

Mkeka, daftari na sufuria

Tukiacha vitabu na kwenda mtaani, tutaona kuwa waumini wengi wa mji huu hawaanzi na maneno. Huanza na mwili: kuwapo. Mtu hufunga duka, hujifunga khanga, huja na kukaa. Neno lenyewe ni moja tu, "pole", na uzuri wake ni kwamba halielezi chochote. Halisemi kwa nini jambo limetokea wala litakwisha lini.

Kwa Waislamu, kuosha maiti, kumkafini, kumsalia na kumzika ni fardhi kifaya, yaani wajibu ulio juu ya jamii nzima. Wakipatikana wa kuutekeleza, wengine wamesamehewa, asipopatikana hata mmoja, wote wana dhambi. Maana yake kwa mtaa ni kwamba maiti hawezi kuwa "wa familia ile" peke yake. Aidha, mapokeo yanaelekeza majirani wapeleke chakula nyumbani kwa wafiwa, jambo ambalo Mtume aliliagiza kwa ajili ya jamaa za Jaafar bin Abi Talib alipouawa. Waliofikwa na msiba wana la kuwashughulisha, haifai wawe ndio wapishi wa wageni. Kwa hakika misiba mingi ya mijini imeipindua amri hii, na mfiwa hujikuta akikopa kulisha watu mia mbili.

Kwa Wakatoliki, chombo kikuu ni Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki, kupitia umoja wao wa AMECEA, walizipa kipaumbele katika miaka ya 1970. Kaya chache za jirani hukutana kila wiki kwa zamu nyumbani kwa wanajumuiya, husali, husoma Neno, na kisha hutangaza nani mgonjwa, nani kafiwa, nani hajaonekana. Hilo la mwisho ndilo lenye thamani kubwa kuliko linavyosikika. Walutheri, Waanglikana na makanisa mengine wana mipango ya namna hiyo hiyo kwa majina tofauti.

Mjini hapa mambo haya hayabaki ndani ya dini moja. Mkristo hubeba jeneza la Mwislamu, Mwislamu huchimba kaburi la Mkristo, na mnyama wa msiba huchinjwa na Mwislamu ili wote wale. Desturi hii ya kuchinja inaonekana ni jambo dogo hadi mtu akumbuke kwamba mwaka 2013, huko Buseresere mkoani Geita, mgogoro juu ya nani achinje ulimwaga damu. Sufuria moja msibani ni makubaliano, na makubaliano huhitaji kulindwa.

Kuna fundisho moja ambalo Mwislamu na Mkristo wakilinganisha hushtuka kuona linavyofanana. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 25, Mfalme siku ya hukumu anajitambulisha kama mgonjwa aliyetazamwa au kuachwa. Katika Hadithi Qudsi iliyomo katika Sahihi Muslim, Mwenyezi Mungu siku hiyo anamuuliza mwanadamu kwa nini hakumtembelea alipougua, na mja anapostaajabu, anaelezwa kuwa mja fulani aliugua, na kama angekwenda angemkuta Mola wake kwake. Katika mafundisho yote mawili hakuna swali juu ya maneno gani yalisemwa kitandani.

Mtani kaburini

Waluguru, wenyeji wa milima inayoukingia mji huu mgongo, walikuwa na jibu lao kabla ya misikiti na misheni. Jamii yao hufuata ukoo wa mama, na koo hizo zimefungamana kwa utani, ukoo kwa ukoo, mbali na utani na makabila mengine. Mwanaanthropolojia wa Kimarekani, James Christensen, aliuandikia utani wa Waluguru makala ya kitaaluma mwaka 1963, na mojawapo ya mambo aliyoyaeleza ni wajibu wa mtani.

Mgeni anayeona mara ya kwanza huduwaa. Watu wanalia, naye mtani anaiga mwendo wa marehemu. Anadai deni ambalo halipo. Anaweza kushuka kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe chochote. Mfiwa aliyekuwa hajanyanyua uso tangu jana anajikuta anacheka, kisha analia tena, lakini kilio cha sasa si kile cha awali.

Viongozi wa dini wamekuwa na mashaka na mambo haya, na yapo yanayovuka mipaka. Hata hivyo, mwandishi wa makala hii anaona mtani anafanya kazi ambayo sheikh na padri hawawezi kuifanya. Wao wanapaswa kusema jambo la maana juu ya kifo. Mtani hana deni hilo. Tena ndiye, mara nyingi, anayeshika jembe.

Mlangoni mwa wodi

Moto wa Msamvu ulileta mtihani ambao misiba ya kawaida haina. Wajibu wa kumtembelea mgonjwa unaeleweka na kila mtu, na Mtanzania hupima upendo kwa idadi ya waliofika hospitali. Lakini mgonjwa wa moto ana hali ya pekee. Ngozi ni ukuta unaozuia vijidudu visiingie na maji ya mwili yasipotee. Ukuta huo ukiungua sehemu kubwa, siku za kwanza mgonjwa yumo hatarini kwa kupoteza maji, na wiki zinazofuata hatari kubwa ni maambukizi. Ndiyo maana vifo viliendelea hata baada ya wengi kudhani kuwa mabaya yamepita.

Kwa mgonjwa wa namna hiyo, wageni ishirini wanaoingia na mikono isiyooshwa, wakimshika na kumwombea kwa zamu, wanaweza kumdhuru. Muuguzi anayewazuia mlangoni hapingi dini. Sheria ya Kiislamu yenyewe inasisitiza ziara iwe fupi na isimchoshe mgonjwa, na hakuna kanisa linalofundisha kuwa sala husikika tu ikiwa mkono umewekwa juu ya bandeji.

Basi afanye nini aliyezuiwa? Kazi zipo tele nje ya wodi. Kutoka Morogoro hadi Muhimbili ni safari ya takriban kilomita 200, na anayemuuguza ndugu yake huko anahitaji nauli, mahali pa kulala, chakula na mtu wa kumbadilisha apate usingizi. Nyumbani wamebaki watoto wanaopaswa kwenda shule. Damu inahitajika. Bodaboda iliyoungua huenda ilikuwa ya mkataba, na mwenye chombo anataka hesabu yake. Rafiki anayekwenda kuzungumza na mwenye chombo amefanya ibada, hata kama hakuna atakayeiita hivyo.

Lipo kundi jingine linalofika mlangoni hapo, nalo ni la wenye kuahidi miujiza. Mgonjwa huambiwa kuwa imani yake ikitosha atainuka, kisha asipoinuka analala na majeraha mawili, la moto na la kuonekana mpungufu wa imani. Wengine hufika mbali zaidi, wakimtaka aache dawa. Kumwombea mtu apone ni haki ya kila muumini. Kumpangia Mungu tarehe, na kumtoza mgonjwa gharama ya tarehe hiyo kupita, ni hoja ya Elifazi iliyovaa suti.

Baada ya turubai kung'olewa

Maombolezo ya Kiislamu kwa jamaa wa kawaida ni siku tatu. Mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi. Desturi ya Waswahili imeongeza arobaini, na Wakristo nao wana misa au ibada ya kumbukumbu. Ratiba hizi zina hekima: zinamlazimisha rafiki arudi hata kama amekwisha kusahau.

Aliyeungua na kupona hana ratiba hiyo. Hakuna arobaini ya mtu aliye hai. Anarudi mtaani akiwa na makovu ambayo, yanapokauka, hujikunja na kukakamaza kiwiko, shingo au vidole. Huhitaji mazoezi ya viungo kwa miezi mingi, pengine kupandikizwa ngozi zaidi ya mara moja. Kazi aliyokuwa akiifanya haiwezi tena. Watoto humkimbia njiani. Waliomjaza wodi wakati wa habari kubwa wamerudi katika shughuli zao, na yeye hujifungia ndani siku za ibada kwa kuogopa macho ya watu.

Wakati huo hata maswali yake huwa yamebadilika. Katika wiki ya kwanza aliuliza kama ataishi. Sasa anauliza kwa nini yeye alibaki na rafiki aliyekuwa naye hatua mbili mbele hakubaki. Muumini aliyezoea kujibu atataka kujibu: Mungu ana makusudi na wewe. Huenda ni kweli. Lakini maneno hayo yakisemwa na mtu ambaye hajafika kwa miezi mitano, msikilizaji ana haki ya kuuliza kama mwenzake aliyekufa hakuwa na makusudi yoyote mbele ya Mungu.

Viongozi wa dini wanaweza kulifanyia kazi jambo hili bila gharama kubwa. Jumuiya inayotangaza wagonjwa inaweza kuendelea kulitaja jina la aliyetoka hospitali hadi atakapoomba lisitajwe. Msikiti unaokusanya ubani siku ya mazishi unaweza kuacha sehemu yake kwa ajili ya nauli za kliniki. Mtu mmoja, si kamati, anaweza kupewa kazi ya kumpitia Jumapili au Ijumaa na kwenda naye ibadani, wakae safu ya nyuma karibu na mlango, waondoke kabla watu hawajasimama kusalimiana kama yeye anataka hivyo.

Kitabu cha Ayubu kina mstari mmoja katika sura ya mwisho ambao wahubiri huupita haraka. Baada ya afya yake na mali yake kurejea, ndugu zake wote na waliokuwa wakijuana naye walikuja nyumbani kwake, wakala naye chakula, wakampa pole kwa yote yaliyompata, na kila mmoja akamwachia kipande cha fedha na pete ya dhahabu. Walikuwa wengi. Mwandishi wa kitabu hicho, ambaye ameorodhesha kondoo na ngamia kwa hesabu kamili, hakueleza walikuwa wapi alipokuwa akijikuna kwa kigae majivuni.